Tezi imetolewa, kipimo ni kizuri, mbona bado sijisikii vizuri?

Wiki hii najibu swali ambalo wasomaji wa safu hii huniuliza kwa maneno tofauti, lakini kiini chake ni kimoja. Mtu amefanyiwa upasuaji wa kuondoa tezi ya shingo. Jeraha limepona, kidonge anameza kila siku kama alivyoelekezwa, miezi inapita. Lakini anaamka amechoka kuliko alivyolala. Nywele zinabaki kwenye kitana. Anasikia baridi wakati wenzake wanajipepea. Anafika jikoni na kusahau alichofuata. Uzito unapanda ingawa chakula hakijaongezeka. Anakwenda kliniki, anatolewa damu, anaambiwa: "Kipimo chako kiko sawa, nenda nyumbani."

Anarudi nyumbani akijiuliza kama daktari hamwamini au kama yeye mwenyewe ndiye anayechanganyikiwa.

Msimamo wangu niuseme mapema. Kipimo kilicho sawa ni habari njema, lakini hakijajibu swali la mgonjwa, na daktari anayefunga faili hapo ameiacha kazi katikati. Wakati huohuo, jirani anayekushauri ujiongezee nusu kidonge "ili upate nguvu" anakuelekeza pabaya zaidi. Dalili zinazobaki baada ya tezi kutolewa zina mahali pa kuzitafuta, na mara nyingi chanzo huonekana mtu akitafuta kwa mpangilio.

Tuanze na kidonge chenyewe, kwa sababu wengi hawakuelezwa ni kitu gani. Tezi ya thairoidi hukaa mbele ya shingo, ina umbo la kipepeo, na hutengeneza homoni inayopanga kasi ya mwili mzima: moyo, utumbo, ubongo, ngozi, joto la mwili. Ikitolewa yote, hakuna kiungo kingine kinachoweza kuishika kazi hiyo. (Ikitolewa nusu, iliyobaki huweza kutosha, na wapo wasiohitaji kidonge kabisa. Ndiyo maana unapaswa kujua umetolewa kiasi gani.) Kidonge cha levothairoksini, ambacho wengi hukiita thairoksini, ni homoni ileile ambayo tezi yako ilikuwa ikiitengeneza, sasa unaipata kwa njia ya mdomo.

Hapo ndipo lugha yetu ya "dozi" inapotuponza. Tumezoea kwamba dozi ina mwisho. Ya malaria ni siku 3, ya antibiotiki wiki moja au mbili. Mgonjwa akimaliza boksi lake la kwanza akiwa anajisikia vizuri, anahesabu kwamba amepona. Na kwa siku kadhaa anaonekana yuko sahihi, kwa kuwa homoni hii hutoka mwilini polepole: baada ya siku 7 hivi, nusu yake bado ipo. Kushuka kunakuja taratibu kiasi kwamba mwezi wa pili akianza kuvimba uso na kukosa choo, hakumbuki tena kukihusisha na kidonge alichoacha. Msomaji, kama tezi yako imetolewa yote, kidonge hiki ni cha maisha. Hakikupi uraibu na hakikuzoei. Kinachukua nafasi ya kiungo ambacho huna.

Jambo hili lina historia ambayo napenda kuwakumbusha wenzangu wa fani hii. Theodor Kocher alikuwa mpasuaji katika mji wa Bern, Uswisi, nchi ya milima ambako zamani rovu lilikuwa jambo la kawaida kama lilivyokuwa katika nyanda zetu za juu kusini. Alikuwa hodari kuliko karibu wenzake wote wa zama zake, na mwaka 1909 alipewa Tuzo ya Nobel. Lakini mwaka 1883 aliwaambia madaktari wenzake jambo zito: wagonjwa aliowatoa tezi yote, waliokwenda nyumbani na makovu mazuri, walipoitwa tena wengi walikuwa wamevimba, wanasikia baridi, wazito wa mawazo, na waliokuwa wadogo wamedumaa. Hakuwa na la kuwapa. Miaka 8 baadaye, yaani 1891, daktari George Murray wa Newcastle, Uingereza, alimchoma mwanamke wa miaka 46, ambaye tezi yake ilikuwa imeacha kufanya kazi, maji yaliyokamuliwa kutoka tezi ya kondoo. Mwanamke huyo aliishi miaka 28 zaidi akitumia dawa hiyo. Kocher asingejua lolote kama asingewaita wagonjwa wake warudi na kuwatazama kwa macho yake.

Sasa turudi kwako. Mahali pa kwanza pa kutafuta ni namna unavyomeza, na hapo ndipo mimi hupata majibu mengi kuliko mahali pengine popote. Kidonge hiki kina adabu zake. Kinataka tumbo tupu na maji matupu, kisha usubiri dakika 30, au bora saa nzima, kabla ya kula au kunywa kitu kingine. Chai ya maziwa si maji. Kahawa si maji. Maziwa yana kalsiamu, ambayo hushikana na homoni tumboni ikapita bila kuingia kwenye damu. Uji wa lishe, ambao kwa kawaida huchanganywa na soya, nao hupunguza kiasi kinachoingia. Mtu anaamka saa 12, anameza kidonge kwa kikombe cha chai ya maziwa na maandazi mawili huku akikimbilia daladala, halafu tunashangaa kwa nini miguu ni mizito.

Kibaya zaidi ni kwamba wakati mwingine kosa tumelipanga sisi. Baada ya upasuaji, wagonjwa wengi hupewa pia vidonge vya kalsiamu. Karatasi moja inaandikwa dawa zote mbili, "asubuhi" hapa na "asubuhi" pale, na mgonjwa mtiifu anavimeza kwa pamoja. Utiifu wake unamnyima homoni. Kalsiamu, vidonge vya kuongeza damu na dawa za kiungulia za kutafuna au za maji vinapaswa kukaa mbali na thairoksini kwa saa 4. Dawa kama omeprazoli, wanazotumia watu wa vidonda vya tumbo, hupunguza asidi na zinaweza kudhoofisha uingiaji wa homoni hata ukizimeza saa tofauti, kwa hiyo mwambie daktari kwamba unazitumia. Mwambie pia ukianza matibabu ya kifua kikuu au kifafa, kwa sababu rifampisini na baadhi ya dawa za kifafa hufanya mwili uimalize homoni haraka, na kiasi kilichokutosha jana hakitatosha tena.

Kama asubuhi yako haina nafasi ya kusubiri, kimeze usiku unapokwenda kulala, saa 3 au zaidi baada ya chakula cha mwisho. Kinafanya kazi vizuri vilevile. Wanaofunga Ramadhani nao wana njia hiyo, au wanaweza kukimeza wanapoamka kwa ajili ya daku na kusubiri nusu saa kabla ya kula. Muhimu ni kuchagua saa moja na kubaki nayo. Ukisahau asubuhi, kimeze siku hiyohiyo ukikumbuka, tumbo likiwa tupu.

Na unakiweka wapi? Vidonge hivi haviendani na joto, unyevu wala mwanga. Vingi huandikwa vihifadhiwe chini ya nyuzi joto 25, na anayeishi Tanga, Dar es Salaam au Mombasa anajua chumba chake kinafika ngapi mwezi wa pili. Usiviweke dirishani, jikoni karibu na jiko, wala ndani ya gari. Viache ndani ya pakiti yake mpaka siku ya kumeza. Ukikuta duka la dawa limekupa vya kampuni nyingine, usivikatae kama ndivyo vilivyopo, ila pima tena baada ya wiki 6, kwa sababu vya kampuni mbili vinaweza kutofautiana kidogo katika kuingia mwilini.

Tukishahakikisha kidonge kinaingia, ndipo kipimo kina maana. Kipimo kikuu huitwa TSH. Hii ni homoni ya tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, ambayo ndiyo msimamizi. Ikiona homoni ya thairoidi ni kidogo, inapiga kelele na TSH inapanda. Ikiona ni nyingi, inanyamaza na TSH inashuka. Msimamizi huyu haamki haraka, ndiyo maana baada ya kubadilisha dozi tunasubiri wiki 6 hadi 8 kabla ya kupima. Kupima baada ya siku 10 ni kupoteza fedha.

Kuna mambo mawili huharibu kipimo hiki, na sote wawili, wewe na mimi, tunadanganyika. La kwanza ni mgonjwa anayemeza kwa bidii wiki ile tu ya kwenda kliniki. Homoni kwenye damu inaonekana nzuri huku TSH ikiwa bado juu, na daktari asipouliza ataongeza dozi isiyohitajika. Niambie tu ukweli kwamba vidonge vilikuwa vimekwisha na fedha ilikuwa haijapatikana. Sitakugombeza. La pili ni biotini, vitamini iliyo kwenye vidonge vingi vinavyouzwa kwa ajili ya nywele na kucha. Nywele zinadondoka, unanunua biotini, na biotini inaivuruga mashine ya maabara hadi TSH yako ionekane ya chini wakati siyo. Iache siku 2 au 3 kabla ya kutoa damu.

Angalia pia kama dozi inalingana na mwili wako. Kwa mtu mzima aliyetolewa tezi yote, kianzio ni mikrogramu 1.6 hivi kwa kila kilo ya uzito. Mwenye kilo 60 anahitaji karibu mikrogramu 100, mwenye kilo 85 anahitaji karibu 136. Si ajabu kukuta wote wawili wametoka wodini na kidonge kimoja cha 100 kila mmoja.

Na kama tezi ilitolewa kwa sababu ya saratani, lengo lako linaweza kuwa tofauti. Kwa baadhi ya wagonjwa hao daktari huishusha TSH kwa makusudi ili isichochee seli zilizobaki. Usilinganishe karatasi yako na ya mgonjwa mwenzako kwenye benchi.

Haya, kidonge kinamezwa vizuri, kipimo ni cha kweli na kiko sawa, na bado umechoka. Hapa ndipo nasema mazungumzo yanaanza upya badala ya kwisha, kwa kuwa uchovu hauna hatimiliki ya thairoidi. Mwanamke anayetoka hedhi nzito kwa sababu ya uvimbe kwenye kizazi anaweza kuwa na upungufu wa damu, na dalili zake zinafanana na za homoni kupungua kama mapacha. Anayetumia metformini ya kisukari kwa miaka anaweza kupungukiwa vitamini B12. Sukari yenyewe haijapimwa lini? Anayekoroma na kushtuka usiku hapati usingizi wa kweli hata akilala saa 9. Na wanaofanyiwa upasuaji huu wengi ni wanawake, wengi wao wa miaka 40 na kitu, umri wangu mwenyewe, ambapo ukomo wa hedhi unaanza kubisha hodi na joto la ghafla, kukosa usingizi na kusahausahau. Si kila kitu kinachotokea baada ya upasuaji kimeletwa na upasuaji.

Kisha kuna sonona. Najua neno hili halipokelewi vizuri, mgonjwa akilisikia anadhani ninamwambia anajifanya. Sivyo. Kukatwa shingo ni jambo la kutisha, kovu linaonekana na kila mtu, wengine walikaa wiki kadhaa wakisubiri majibu ya kama ni saratani. Sonona ni ugonjwa wenye matibabu, na kuuliza habari zake ni sehemu ya uchunguzi kama kupima damu.

Baada ya yote hayo wanabaki wachache, inakadiriwa 5 hadi 10 katika kila wagonjwa 100, ambao TSH yao ni nzuri, sababu nyingine haikuonekana, na bado hawajisikii kama zamani. Hawa wapo, na hawajifanyi. Maelezo mamoja yanayochunguzwa ni kwamba tezi ilikuwa ikitoa homoni za aina mbili: T4, ambayo ndiyo iliyo kwenye kidonge, na kiasi kidogo cha T3, ambayo ndiyo yenye nguvu. Sasa T3 yote lazima mwili uitengeneze kutokana na T4, na huenda si kila mwili unafanya hivyo kwa wepesi uleule. Majaribio ya kuwapa wagonjwa homoni zote mbili kwa jumla hayakuonyesha kwamba wanapata nafuu zaidi, ingawa baadhi yao walipendelea mchanganyiko huo. Ni jambo la kuzungumza na mtaalamu wa homoni, kwa majaribio yenye muda na ufuatiliaji, si la kuagiza kwa mtu anayesafiri. Zipo pia dawa zinazotengenezwa kwa tezi ya nguruwe iliyokaushwa, na ni haki ya msomaji Mwislamu kujua hivyo kabla hajatumiwa na ndugu aliye nje.

Kuhusu kujiongezea dozi: homoni iliyozidi hukupa wiki chache za wepesi, halafu moyo unaanza kwenda mbio na kupiga bila mpangilio, mikono inatetemeka, usingizi unapotea, na mifupa inapungua uimara bila kelele mpaka siku unapoanguka. Kwa mtu wa miaka 60, moyo kupiga ovyo unaweza kuleta kiharusi.

Vivyo hivyo mwani, poda za mitishamba na chumvi yenye madini joto. Chumvi hiyo ni kinga nzuri ya rovu kwa jamii, endeleeni kuitumia. Lakini madini joto ni malighafi, na wewe kiwanda kimeondolewa. Hakuna kiasi cha mwani kitakachokirudisha.

Dalili moja haisubiri tarehe ya kliniki. Nyuma ya thairoidi kuna tezi 4 ndogo, kama punje za mchele, zinazolinda kiasi cha kalsiamu kwenye damu. Zikijeruhiwa au kutolewa pamoja nayo, kalsiamu inashuka: ganzi kuzunguka midomo, vidole kuchomachoma, mikono kukaza na kujikunja, na ikizidi degedege. Ukiona hivyo, hata kama ni miezi baada ya upasuaji, nenda hospitali siku hiyohiyo. Sauti iliyokwaruza ina subira zaidi, kwani mara nyingi hurudi ndani ya wiki au miezi. Lakini mwalimu, mwadhini au mwanakwaya ambaye sauti haijarudi baada ya miezi michache aombe kuonwa na mtaalamu wa masikio, pua na koo.

Kwa wenzangu madaktari na wauguzi nina ombi lenye gharama ya karatasi moja. Mgonjwa asitoke wodini bila maandishi ya Kiswahili yenye mambo haya: ametolewa tezi yote au nusu, kwa sababu gani, kidonge anameza saa ngapi na kitu gani kikae mbali nacho, TSH yake inatakiwa iwe ngapi, anapima tarehe gani. Anayeondoka bila karatasi hiyo anajazwa maelezo na mtaa, na mtaa hauna aibu ya kukosea.

Wazazi, mtoto aliyetolewa tezi anahitaji homoni nyingi kwa kila kilo kuliko mtu mzima, na kwa sababu anakua, dozi ya mwaka jana ni kama viatu vya mwaka jana. Apimwe mara kwa mara, na urefu wake uandikwe kila anapokwenda kliniki. Kwa mdogo asiyeweza kumeza, ponda kidonge kwenye maji kidogo umpe hapohapo. Usikichanganye na maziwa wala uji, na usikitayarishe usiku kwa ajili ya asubuhi. Akishuka darasani ghafla au akisinzia sana, anza kwa kuhesabu vidonge kabla ya kumwita mvivu. Akiwa bweni, matroni ajue kwa maandishi.

Na binti au mama anayetarajia ujauzito: mtoto tumboni hutegemea homoni yako kwa ajili ya ubongo wake, hasa wiki za mwanzo kabla tezi yake haijaanza kazi. Mahitaji yako yatapanda mapema, kwa kawaida asilimia 20 hadi 30. Muulize daktari sasa, kabla hujapata mimba, uongeze vidonge vingapi kwa wiki siku utakapojua hedhi imepita, usisubiri kliniki ya kwanza ya wajawazito. Baada ya hapo TSH ipimwe kila wiki 4 hivi hadi katikati ya ujauzito. Kliniki watakupa FEFO. Zimeze, damu yako inazihitaji, lakini ziwe za mchana, na thairoksini ibaki ya alfajiri.